Mkono Kwanza, Picha Baadaye

Mikono ya Bi Hamisa haikuwahi kukosea. Wagonjwa mia mbili na kumi na wawili walilala mbele yake kwenye kitanda kile cha Keko, akawapapasa matumbo, akaandika alichokishika, na kila mara mashine yangu ilikuja nyuma yake na kumkuta yuko sawa. Kwa hiyo nilimwamini. Nilimwamini kuliko macho yangu mwenyewe. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na leo nitalisema lote.

Naitwa Sesilia, kwetu Masasi, kazi yangu ni kupiga picha za ultrasaundi. Kabla hujasikia lolote, jua kwamba mimi ni mtu wa hasira. Kidato cha tatu nilifukuzwa bweni kwa kumpiga kiranja na ndoo. Sijisifu. Nakuambia mapema ili utakapofika mahali nilipompiga kofi mwanamke wa miaka sitini na saba, usidhani nilipandwa na pepo. Ni mimi tu.

Kliniki yetu ilikuwa chumba na nusu nyuma ya barabara ya mafundi samani, mahali ambapo kuanzia saa moja asubuhi ni nyundo, randa na msumeno wa umeme, mpaka unazoea kuongea kwa kupiga kelele hata nyumbani. Aliyeifungua ni Daktari Moriwaki, Mjapani mwembamba wa maneno machache, aliyekuja na mashine moja, kabati moja na swali moja. Kwao, alituambia, kuna tiba ya kale ambayo daktari humlaza mgonjwa chali, miguu imenyooka, akamshika tumbo. Chini ya mbavu pakiwa pagumu, ni dalili. Juu ya kitovu pakidunda, ni dalili. Tumbo la juu likigongwa na kulia maji, ni dalili pia. Mamia ya miaka mikono ya waganga wao imeshika vitu hivyo na kuvipa majina na dawa zake. Lakini mkono unashika nini hasa? Ni msuli? Ni gesi? Ni mshipa mkubwa wa damu? Yeye alitaka picha ijibu.

Angeweza kutumia mikono yake mwenyewe, ila alisema mikono yake imesoma vitabu, itashika kile ilichosoma. Akatafuta mkono usiosoma vitabu hivyo. Ndipo akaletewa Bi Hamisa, mzaliwa wa Temeke, mkandaji wa wazazi kwa miaka arobaini na kungwi wa mabinti nusu ya mtaa. Daktari akamwonyesha zile sehemu za tumbo, na wiki haikuisha kabla Bi Hamisa hajazipa majina yake. Ule ugumu chini ya mbavu akauita ngoma. Mdundo wa juu ya kitovu akauita panya. Maji yanayolia akayaita mtungi. Kwa mwaka mzima nilimwona Daktari akicheka mara moja tu, siku aliyotafsiriwa panya.

Kanuni yake ilikuwa moja, imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: MKONO KWANZA, PICHA BAADAYE. Bi Hamisa anaingia na mgonjwa, anashika, anaandika, anatia karatasi kwenye bahasha na kuigundisha. Kisha anatokea mlango wa nyuma. Mimi naingia mlango wa mbele, napiga picha, naandika, nagundisha ya kwangu. Bahasha mbili zenye namba moja zinalala kabatini mpaka Ijumaa, Daktari anazifungua na kuzilinganisha. Picha zenyewe zilibaki ndani ya mashine. Hakuna kuulizana, hata kwa jicho. "Mkiongea mnakuwa mtu mmoja," alisema. "Mimi nataka watu wawili."

Jumanne ile Daktari alikuwa Tanga kwenye mkutano. Saa nne kasoro asubuhi Bi Hamisa aliingia akimshika mkono Shamimu, mke wa mwanawe.

Shamimu alikuwa na miaka ishirini na minne, anapaka vanishi vitanda vya mafundi, na kila aliyempita alimtania kwa sababu alijua kurudisha utani. Siku hiyo hakutania. Alitembea amebana mkono ubavuni, akikanyaga chini polepole. Chini ya jicho alikuwa na alama inayoanza kugeuka njano, ya wiki iliyopita. Hiyo sote tuliiona ilipokuwa mbichi.

"Huyu namba mia mbili kumi na tatu," Bi Hamisa aliniambia. "Tumbo linamuuma. Ameteleza bafuni."

Alisema huku akiangalia ukuta.

Mkono wa Khalfani, mumewe Shamimu, ulijulikana Keko nzima. Alikuwa fundi hodari, kitanda chake hakilii hata ukikilalia miaka kumi. Lakini aliwahi kumbana fundi mwenzake kidole kwenye jiliwa, akazungusha mpaka mfupa ukavunjika, kwa ajili ya kopo la gundi. Watu walimwamulia, wakamkemea, kesho yake wakampa kazi. Na nyumbani kwake? Ya nyumbani ni ya nyumbani. Mabinti wote waliopita kwa Bi Hamisa, Shamimu akiwemo, walifundishwa hivyo: siri ya mtungi aijuaye kata. Mwanamke hatoi nje ya ndani.

Kwa kawaida Bi Hamisa alichukua dakika tano na mgonjwa. Kwa Shamimu alikaa robo saa. Mlango wa nyuma ulipofungwa nikaingia, nikakuta bahasha juu ya meza, gundi yake bado mbichi.

Nilimpaka Shamimu jeli. Alishtuka kwa ubaridi, na kule kushtuka kukamuuma mpaka akang'ata kanga.

"Na bega," alisema. "Hili la kushoto. Linauma tangu alfajiri, na sijaligonga popote."

Bega la kushoto. Shuleni tulifundishwa maana yake, kwamba bandama ikivuja damu bega hilo huuma, na mwili wangu uliikumbuka kabla ya akili, kwani mkono ulikuwa umeshakwenda upande wa bandama. Alikuwa amekula mihogo na chai, tumbo limejaa gesi, mbavu zinatupa kivuli kila ninapogeuka. Lakini kati ya bandama na figo niliona mstari mweusi. Mwembamba, upana wa uzi wa kushonea. Nikasogeza, ukapotea. Nikarudi, upo. Ungeweza kuwa damu. Ungeweza kuwa kivuli.

"Shamimu. Umeanguka kweli?"

"Nimeteleza bafuni, dada."

"Bafu lenu lina miguu?"

Alitaka kucheka. Nilimwona kabisa akitaka, midomo ikafunguka, kisha maumivu yakamkamata na machozi yakatoka yenyewe.

"Dada Sesi, niache. Mama ameshanishika. Mama anajua."

Mama anajua. Nikaiangalia bahasha. Nikamwangalia Shamimu, nikauangalia ule mstari uliokuja na kwenda. Mwaka mzima sikuwahi kuigusa bahasha ya Bi Hamisa. Siku hiyo niliingiza kucha chini ya gundi mbichi nikaifungua.

Mwandiko wake ulikuwa wa mviringo, herufi kubwakubwa. *Laini kote. Hakuna ngoma. Hakuna panya. Hakuna mtungi.*

Nilihisi nafuu. Nisidanganye, nilihisi nafuu kubwa. Mikono iliyokuwa imeshika ini lililovimba kabla hata mgonjwa hajajua, mikono iliyomwambia mama wa Mtoni ana uvimbe wa upana wa sarafu na mashine ikaukuta, hiyo ingekosa damu? Basi ni kivuli. Na nikiandika damu halafu ikawa kivuli, nitakuwa nimemwita mtoto wa Bi Hamisa muuaji kwa ajili ya uzi mweusi. Nikaandika: *Hakuna maji. Viungo vyote kawaida.* Nikazigundisha bahasha zote mbili. Nikampa Shamimu vidonge viwili vya maumivu, nikamwambia apumzike kwenye benchi hadi adhuhuri.

Akakaa. Kila nilipochungulia alikuwa amefumba macho, nikasema analala.

Saa sita kasoro Khalfani aliingia. Hakubisha, aliupiga mlango kwa bega, komeo likaruka. Mkononi alikuwa na nyundo yake ya mbao, ile kubwa ya kupigia patasi, na vumbi la mninga lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Kuna mtu alikuwa amemwambia mke wake kapelekwa kupigwa picha.

"Nani kawaambia mpige picha nyumba yangu?"

"Tumepiga tumbo," nikasema. "Hatujapiga nyumba."

"Tumbo la mke wangu ni nyumba yangu!"

"Basi nyumba yako inauma."

Mdomo wangu huu. Alinipita akaenda moja kwa moja kwenye mashine. Pigo la kwanza likapasua kioo. La pili likaingia ndani, nyaya zikatoka. La tatu na la nne yalikuwa ya raha yake tu, kwa sababu mashine ilikuwa imeshakufa. Mwaka mzima wa picha za watu ulikuwa chini kwenye sakafu. Nilimshika shati kwa nyuma. Akageuka akanipiga ngumi ya mdomo, nikasikia jino likivunjika, nikalimeza.

Hasira ikanipanda. Nilichukua stuli ya chuma ninayoikalia, nikampiga begani, nyundo ikamwanguka. Nikampiga gotini, nikasikia kitu kikiachia. Akaenda chini akipiga kelele. Nilitakiwa kuishia hapo. Sikuishia. Nilimpiga tena akiwa chini, na tena, kwa ajili ya jicho la njano, kwa ajili ya kidole cha yule fundi, na kwa ajili ya jino langu. Niseme ukweli wa Mungu: nilifurahi. Waliokuja kunishika ni mafundi, Marijani muuza milango akiwa mbele, akanikumbatia kwa nyuma akiniinua miguu juu.

"Sista, basi! Utaua! Basi!"

Ndipo nikasikia sauti ndogo kutoka kwenye benchi. Hakuna aliyekuwa amemgusa Shamimu. Khalfani hakumfikia, na stuli yangu haikumkaribia. Alikuwa amekaa palepale nilipomwacha, ila midomo imekuwa ya kijivu na jasho linamtiririka shingoni.

"Dada," alisema. "Naona giza."

Kisha akateleza taratibu kutoka kwenye benchi mpaka sakafuni, kwenye vioo.

Bi Hamisa alikuja kwa mlango wa nyuma akikimbia. Mwanawe alikuwa amelala njiani akishika goti, anamwita mama. Akamruka. Alipiga magoti kwa Shamimu, akaingiza mikono chini ya kanga, na mikono haikutafuta. Ilikwenda upande wa kushoto, chini ya mbavu, papo hapo, mahali ilipokuwa inapajua.

"Imejaa," alisema. "Asubuhi ngoma ilikuwa upande huu tu. Sasa imejaa yote."

Nilifikiri sijasikia vizuri. Damu ya mdomo ilikuwa inanidondoka kwenye koti.

"Asubuhi ilikuwaje, Bi Hamisa?"

Aliendelea kumbonyeza Shamimu tumbo.

"Asubuhi ilikuwaje? Si uliandika laini!"

Akainua uso. "Umejuaje nilichoandika?"

Mafundi walisimama wanatuangalia, hawaelewi. Sisi wawili tulielewana vizuri sana.

"Umefungua," alisema. "Sesi. Umeifungua."

"Kwa nini uliandika laini?"

"Kalamu yangu ingemwandikaje mwanangu?" Hakulia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilimleta hapa mie mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikasema, mie nitaandika laini, halafu ataingia Sesi. Sesi haulizi, na mashine yake haijazaa. Itasema yenyewe, na hakuna atakayesema Hamisa kamtoa mwanawe. Nilikuachia wewe, mwanangu. Nilikuachia wewe useme. Wewe uliona nini?"

Nilimpiga kofi. Mwanamke ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, nilimpiga kofi la uso mpaka ushungi ukamtoka.

Hakujikinga. Aliuokota ushungi wake akamfunika nao Shamimu miguu.

Marijani ndiye aliyefanya kazi ya akili. Alileta mlango mpya usio na bawaba, wakamlaza Shamimu juu yake, watu wanne wakaubeba hadi kwenye kirikuu cha kubebea makabati. Mimi nilishika kichwa, Bi Hamisa alishika tumbo. Njia nzima mikono yake haikuondoka pale, na njia nzima alikuwa anasema jambo moja, "inapanda, inapanda," mpaka nikatamani kumpiga tena.

Hospitalini nesi aliuliza kama tuna PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa. Daktari wa upasuaji, kijana mmoja mrefu anayeitwa Edgar, alimwambia PF3 itatufuata, akaweka kidole kwenye shingo ya Shamimu.

"Amepigwa picha yoyote?"

"Asubuhi saa nne," nikasema. "Ultrasaundi."

"Ilionyesha nini?"

Ningeweza kusema mashine imevunjika, na ningekuwa nimesema kweli. Bi Hamisa alikuwa ananiangalia.

"Ilionyesha damu pembeni ya bandama. Mimi nikaandika hakuna."

Daktari Edgar alinitazama mara moja tu, muda wa kufumba jicho, kisha akasukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji akikimbia.

Tulikaa kwenye korido, mimi na kitambaa mdomoni, yeye na alama ya vidole vyangu shavuni. Watu walipita wakatuangalia wakadhani sisi ndio wagonjwa. Saa tisa Daktari Edgar alitoka amevua kofia, na mtu akivua kofia pale mlangoni huna haja ya kuuliza.

"Bandama ilipasuka," alisema. "Ilianza taratibu, tangu jana. Ilikuwa inavuja ndani ya ngozi yake, halafu mchana ndiyo ikaachia." Akasugua macho. "Saa nne asubuhi ningemuwahi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu, na angenipiga nyundo ya Khalfani ingeuma kidogo kuliko hivyo.

Kesho yake, Jumatano, tuliitwa kituoni. Khalfani aliletwa na mguu ndani ya plasta, akiwa na baba yake mdogo, mzee Fakihi, msemaji wa ukoo, mtu wa kanzu safi na ulimi uliopigwa msasa. Mezani kwa afande palikuwa na bahasha mbili zilizotolewa kabatini kwetu, zote zimeandikwa 213. Taarifa ya Daktari Edgar ilikuwa bado haijafika.

"Afande, mie si mtu wa mambo mengi," mzee Fakihi alisema. "Hapo kuna karatasi mbili za wataalamu. Moja ya mkono, moja ya mashine. Hawa watu kanuni yao hawaulizani, wenyewe wamebandika ukutani. Zote mbili zinasema saa nne mwanamke alikuwa mzima. Saa sita huyu dada anarusha stuli za chuma ndani ya chumba. Saa tisa mwanamke amekufa. Sasa hapo mtuhumiwa nani?"

Afande alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani. Akazitoa karatasi, akaziweka ubavu kwa ubavu, akasoma ya kushoto, akasoma ya kulia.

"Zimekubaliana," alisema.

Mwaka mzima Daktari Moriwaki alikuwa anatafuta neno hilo.

"Ni uongo," nikasema. "Yangu ni uongo. Niliona damu nikaandika hakuna."

"Ulidanganya lini?" afande aliuliza. "Jana au leo?"

"Jana."

"Na picha iko wapi?"

Picha ilikuwa sakafuni Keko, vipandevipande. Khalfani aliinua uso akaniangalia, na nikaona anaanza kupumua vizuri. Nilitaka kumrukia juu ya meza. Nilishika kiti kwa mikono miwili nikajizuia, mara ya kwanza katika maisha yangu, na haikunisaidia chochote.

Bi Hamisa akasimama. Alizunguka meza, akamfikia afande, akamshika mkono wa kulia kama anavyowashika wagonjwa, akauingiza chini ya kanga yake, ubavuni.

"Bonyeza."

"Mama, kaa chini."

"Bonyeza, mwanangu. Hapo. Unasikia? Mbili zimeungana vibaya. Alizivunja baba yake huyu, mwaka huyu alipoanza kusimama dede. Nilikaa siku tisa nimejifunga kanga, tumbo gumu, nikaambia watu nimeanguka kisimani. Ngoma ya kwanza niliyoishika maishani ilikuwa ya kwangu mwenyewe. Sasa niambie, mie naweza kuishika kwa mkwe wangu nisiijue?"

"Hamisa!" mzee Fakihi alisema.

"Niliishika saa nne asubuhi. Ngumu, upande wa kushoto. Nikaandika laini." Akauachia mkono wa afande. "Alimpiga teke juzi jioni, na viatu vya kazi. Mie niko chumba cha pili, ukuta mmoja. Nilisikia la kwanza na la pili. Nikapandisha sauti ya redio."

"Mama," Khalfani alisema. "Mama, usifanye hivyo. Mama!"

"Nyamaza. Na wewe nilikufundisha kunyamaza, si hao mabinti tu."

Askari walimchukua Khalfani. Alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima, plasta inagonga kila ngazi, na mama yake alisimama akisikiliza mpaka mwisho, hakuna redio ya kupandisha.

Shamimu alirudishwa kwao Boko kuzikwa. Alhamisi asubuhi nilikwenda na daladala tatu, mdomo umevimba, sijui nitasema nini. Mama yake Shamimu alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake. Nikapiga magoti nikamwambia yote, uzi mweusi, bahasha, vidonge viwili. Aliniacha nimalize. Kisha akanitemea mate usoni, na mimi sikuyafuta mpaka nilipotoka pale.

Bi Hamisa alikuja akiwa peke yake. Wanawake walinyanyuka, wengine wameshavua ndala mkononi, na wangemuumiza. Mama Shamimu ndiye aliyenyoosha mkono kuwazuia.

"Mwacheni. Nani ataosha?"

Wakataja jina la mwoshaji wa mtaa.

"Hapana," alisema. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ataosha yeye. Mikono hiyo ndiyo iliyoandika, ndiyo itakayoosha."

Walitundika shuka na kanga uani, wakaweka kitanda cha kamba na ndoo za maji, wakaingia watatu: Bi Hamisa, mama Shamimu na shangazi mmoja. Mimi ni Mkristo na mwenye hatia, nilibaki nje ya kanga, mgongo ukutani, karibu kiasi cha kusikia kata ikigonga ndoo.

Nilisikia maji. Nilisikia Bi Hamisa akitaja jina la Mungu, taratibu, kila kiungo na mahali pake. Sikujua desturi yao, baadaye ndipo nikaambiwa kwamba mwosha humwinua maiti kidogo, akampitishia mkono tumboni, akabonyeza kwa upole ili kilichobaki kitoke. Mimi nilijua tu kwamba maji yalisimama.

Yalisimama muda mrefu.

"Laini," Bi Hamisa alisema mle ndani. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kazini. "Laini kote."

Nikasikia mama Shamimu akivuta pumzi.

"Haya," akamwambia. "Sasa kaandike."